Je, Wajua? Kutoka Meza ya Upasuaji wa Moyo Hadi Nyumbani Mbagala

Je, wajua kwamba daktari wa kwanza kufanikiwa kumpandikizia binadamu mshipa wa moyo alikuwa ametangulia kumchunguza twiga? Robert Goetz, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi miaka mingi Cape Town, alitaka kujua damu inapandaje shingo ndefu kiasi kile, na kwa nini mnyama huyo hazimii akiinama kunywa maji na kuinuka tena. Presha ya twiga hukaribia mara mbili ya presha ya mtu mzima, na mishipa yake imeumbwa kuihimili. Sisi ambao twiga ni mnyama wetu wa taifa tuna haki ya kuisimulia habari hii.

Goetz alihamia Marekani, na tarehe 2 Mei 1960, huko Bronx, New York, alimpasua kifua dereva teksi wa miaka 38 akauunganisha mshipa wa ukutani mwa kifua na mshipa wa moyo ulioziba. Hakutumia uzi, alitumia pete ndogo ya metali. Mgonjwa aliishi zaidi ya mwaka mmoja. Wenzake walimpinga vikali, na upasuaji ule hakuurudia. Mwaka 1964 Vasilii Kolesov wa Leningrad akashona kwa uzi. Mwaka 1967 René Favaloro, Muargentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, akatumia mshipa wa mguuni, na kuanzia hapo upasuaji huu, uitwao baipasi, ukaenea duniani. Favaloro hakuanzia hospitali kubwa. Kabla ya Cleveland alikuwa daktari wa kijijini kwa miaka 12, katika kijiji cha Jacinto Aráuz, akitibu wakulima na familia zao.

Kwetu upasuaji wa kufungua kifua na kutibu moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji huduma hiyo alipelekwa nje, mara nyingi India, yeye na ndugu wa kumsindikiza. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, ndani ya eneo hilohilo la Muhimbili, na siku hizi taasisi hiyo ina tawi la Dar Group pale Tazara, wilaya ya Temeke. Kupandikiza mishipa ya moyo ni miongoni mwa huduma zinazotolewa na JKCI. Mtu wa Mbagala, Chamazi, Tandika, Mwananyamala au Bunju hahitaji tena pasipoti ili atibiwe. Anahitaji rufaa, njia ya kulipia, na kitu kingine ambacho kwa maoni yangu hakisemwi vya kutosha: nyumba iliyojiandaa kumpokea akitoka wodini. Saa za kwenye meza ya upasuaji ni chache, na zina wataalamu wengi. Wiki zinazofuata zina mgonjwa, mke au mume, watoto na majirani tu.

Je, wajua kwamba katika upasuaji wa baipasi vyumba vya moyo havifunguliwi? Mtaani tunasema "kafunguliwa moyo", lakini kinachofunguliwa ni kifua. Mishipa inayoulisha moyo imetandaa juu ya uso wake, kwa nje, na upana wake ni milimita 2 hadi 4 hivi. Daktari huvaa miwani ya kukuza na kushona kwa uzi mwembamba usiozidi unywele. Hakwangui mafuta wala kalisi iliyoziba ndani ya mshipa. Anachukua kipande cha mshipa kutoka kwingine, upande mmoja anaushona kwenye mshipa mkuu utokao moyoni, upande wa pili anaushona mbele ya pale palipoziba. Ni kama barabara ya juu: tangu Septemba 2018 magari ya kutoka uwanja wa ndege hupita juu ya daraja la Mfugale pale Tazara, na makutano ya chini bado yapo. Kwenye moyo pia damu inapata njia ya kupita, lakini mshipa ulioziba unabaki na uzibe wake, na ugonjwa ulioleta uzibe huo unabaki mwilini. Nitalirudia hili, kwa sababu mengi yanayoharibika baadaye huanzia kwenye kuamini kwamba ugonjwa umekatwa na kutupwa.

Mshipa wa kupandikiza hutoka wapi? Mara nyingi ni miwili: mmoja wa ndani ya kifua, unaoteremka pembeni mwa mfupa wa katikati, na mwingine mrefu wa mguuni. Ule wa mguuni una vali ndogondogo za kuzuia damu isirudi chini tunaposimama. Kwa hiyo ni lazima ugeuzwe, wa juu uwe chini, la sivyo vali zitaufunga mlango. Mguu wenyewe haupungukiwi, kwa kuwa damu hupata njia nyingine, ila unaweza kuvimba kwa wiki kadhaa. Mshipa wa kifuani una sifa ya ajabu: mafuta hayaushiki kirahisi. Baada ya miaka kumi zaidi ya asilimia 90 ya mishipa hiyo huwa bado wazi, wakati ile ya mguuni karibu nusu yake huwa imeziba. Bill Clinton alipandikizwa mishipa minne Septemba 2004. Februari 2010 alirudi hospitali kuwekewa stenti mbili, yaani vijirija vya kuuweka mshipa wazi, kwa sababu mmoja wa mishipa ile ulikuwa umeziba. Huyo alikuwa rais mstaafu wa Marekani, mwenye madaktari wa kila aina.

Na moyo unadunda vipi wakati unashonwa? Kwa kawaida unasimamishwa kwa maji yenye potasiamu nyingi, na kazi yake hufanywa na mashine ya moyo na mapafu, ambayo huichukua damu, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini. John Gibbon wa Philadelphia aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1953, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuitafuta. Zipo pia timu zinazoshona huku moyo ukiendelea kudunda.

Si kila mshipa ulioziba unahitaji kifua kufunguliwa. Safari huanza na kipimo cha umeme wa moyo na eko, vipimo vinavyofanyika katika hospitali za rufaa za mkoa kama Mwananyamala na Temeke. Ikibidi mgonjwa huingia kathlabu: mrija mwembamba unapitishwa mkononi au pajani hadi kwenye moyo, dawa inamwagwa, picha za eksirei zinaonyesha wapi damu inakwama. Sehemu moja au mbili zikiwa zimeziba, mara nyingi stenti inatosha na mgonjwa anarudi nyumbani mapema. Baipasi hupendekezwa zaidi mishipa mitatu ikiwa imeziba, au shina la mshipa wa kushoto likiwa na tatizo. Na mwenye kisukari asikilize hapa. Utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao FREEDOM, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,900, ulionyesha kuwa wenye kisukari walioziba mishipa kadhaa waliishi zaidi na kupata shambulio la moyo mara chache zaidi walipopandikizwa mishipa kuliko walipowekewa stenti. Daktari akikushauri ufunguliwe kifua wakati jirani yako aliwekewa stenti tu, usidhani unasukumiwa tiba kubwa bila sababu. Muulize mishipa yako mingapi imeziba, na wapi. Una haki ya kuonyeshwa picha.

Hatari ipo, na mgonjwa aambiwe. Katika hospitali zenye uzoefu mkubwa duniani, kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa baipasi kwa kupangwa, si kwa dharura, mmoja hadi watatu hufariki. Hatari hupanda figo zikiwa dhaifu, moyo ukiwa umechoka sana, au mtu akifika akiwa amechelewa. Wapo wanaochelewa kwa kumeza dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi, kumbe maumivu yale ya katikati ya kifua yanayokuja akipanda ngazi na kutulia akipumzika yalikuwa ya moyo. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili hujificha zaidi: uchovu usioeleweka, kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo.

Kabla ya kulazwa, sigara iachwe wiki kadhaa mapema, maana mapafu ya mvutaji huleta shida kubwa mashine ya kupumulia inapoondolewa. Ndugu wajiandae kuchangia damu. Damu haiuzwi, na atakayewaambia vinginevyo kwenye korido asisikilizwe.

Akiamka, mgonjwa atakuta mrija mdomoni na hawezi kuongea. Hili linatisha sana kama hukuambiwa. Ndugu nao huingia ICU wakakuta mirija kifuani, mashine zinalia, uso umevimba, wakadhani mambo yameharibika. Mara nyingi ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mrija wa mdomoni hutolewa ndani ya saa chache hadi siku moja, kisha anaanza kazi ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Wauguzi watampa mto aukumbatie kifuani kila anapokohoa. Mto huo aende nao nyumbani.

Kati ya siku ya pili na ya nne moyo unaweza kuanza kwenda mbio bila mpangilio. Humtokea mgonjwa mmoja kati ya watatu hadi watano, hutibika, na haina maana kwamba upasuaji umeshindwa. Wengi huruhusiwa baada ya wiki moja hivi.

Sasa tufike nyumbani.

Je, wajua kwamba mfupa wa kifua uliopasuliwa katikati hufungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu, na nyaya hizo hubaki mwilini maisha yote? Mfupa huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuunga. Muda huo mgonjwa asinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 hivi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Ndiyo maana katika nyumba zetu za Mbagala au Tandale ambako maji huchotwa nje, mgonjwa wa moyo, hasa akiwa mama, yuko hatarini kwa namna ambayo vitabu vya Ulaya havijaiandika: wiki ya tatu anajisikia vizuri, hakuna mtu, anainyanyua ndoo. Kumwinua mjukuu, kusonga ugali wa watu wengi, kukamua mashuka, kusukuma geti zito, kuvuta maji kisimani, vyote hivyo ni kazi ya kifua. Nyumba igawane kazi hizo kwa majina kabla hajatoka hospitali, ijulikane nani anachota, nani anafua. Mama mwenye matiti makubwa avae sidiria laini inayobeba vizuri, kwa sababu uzito wa matiti huuvuta mshono.

Bodaboda hapana. Rasta na mashimo ya barabara za ndani hutikisa mfupa ambao haujaunga, na pikipiki ikiyumba utajishika kwa nguvu bila kufikiri. Bajaji inayokwenda taratibu ni afadhali, gari ni bora, na mkanda ufungwe, mto ukiwa kati ya mkanda na kifua. Daladala la asubuhi, la kusimama na kushika bomba juu, lisubiri mpaka daktari aruhusu. Kuendesha gari mwenyewe kusubiri wiki sita au zaidi.

Alale vipi? Chali, mito ikiwa imeinua mgongo, kwa wiki za mwanzo. Kuinuka kitandani kuna ufundi wake: geuka ubavu, teremsha miguu, ndipo mwili uinuke bila kujisukuma kwa mikono. Upande wa kushoto wa kifua unaweza kuwa na ganzi kwa miezi, mahali ulipochukuliwa mshipa. Ganzi hiyo si kiharusi.

Wageni ni baraka, na kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu. Lakini watu kumi sebuleni, mmoja ana mafua, kila mmoja anataka kuonyeshwa mshono na kusimuliwa upya, humchosha mtu ambaye kuoga tu kumemmaliza nguvu. Mwenye nyumba asimame mlangoni kwa upole, awape wageni dakika chache, awaambie walionawa mikono ndio waingie. Hakuna muungwana atakayekasirika.

Na machozi. Baba mtu mzima, asiyelia hata msibani, anaweza kujikuta akilia wiki ya pili bila sababu anayoijua. Usingizi unapotea, hamu ya kula inakwisha, anasahau majina. Huzuni baada ya upasuaji wa moyo ni jambo la kawaida kabisa na mara nyingi hupungua wiki zinavyosonga. Ikizidi wiki kadhaa, au akianza kukataa dawa na kusema heri asingefanyiwa, aambiwe daktari siku ya kliniki. Huzuni isiyotibiwa huchelewesha kupona kwa moyo wenyewe.

Je, wajua kwamba diklofenaki, kidonge ambacho kila duka la dawa mtaani hukitoa kwa maumivu ya mgongo na magoti, hakimfai aliyepandikizwa mishipa ya moyo? Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na ibuprofeni huweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Mgonjwa akiumwa kifua baada ya upasuaji, mtoto atatumwa dukani kumnunulia dawa hizo bila nia mbaya. Panadoli kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi. Yeyote anayekwenda dukani amtajie muuzaji kwanza kwamba dawa ni ya mgonjwa wa moyo.

Aspirini ya kila siku, kwa kawaida, ni ya maisha yote, pamoja na statini ya kushusha lehemu. Dawa ya presha hufuata mwili wa kila mmoja. Hapa ndipo ile imani ya kwamba ugonjwa umeondolewa inapoua watu. Kifua kimeacha kubana, bima inasumbua au fedha imepungua, kopo limeisha, na mgonjwa anasema nimepona. Njia mpya huanza kuziba kimyakimya. Kama fedha ndiyo shida, mwambie daktari waziwazi akuandikie za bei nafuu. Aspirini ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa nchini. Lingine: kwetu wengi waliofunguliwa kifua walifanyiwa kwa sababu ya vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, na waliowekewa vali za chuma hutumia warfarini. Huo ni ugonjwa mwingine na dawa nyingine. Msiazimane vidonge kwa kuwa mishono inafanana.

Tendo la ndoa huulizwa kwa kunong'ona, au haliulizwi kabisa. Kwa kawaida anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kubanwa kifua wala kuhema sana anaweza kurudi, wiki ya nne hadi ya sita, bila kuegemea mikono. Lakini vidonge vya kuongeza nguvu za kiume vinavyouzwa kiholela, vikikutana na dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, huishusha presha ghafla kiasi cha kuua. Hili lisemwe bila aibu, na mke alijue pia.

Kufunga Ramadhani kabla mshono haujapona au dawa zikiwa za mara tatu kwa siku si jambo la kuamua peke yako. Nenda kwa daktari mapema, mwezi haujaandama, dawa zipangwe upya au upewe sababu ya kulipa baadaye.

Je, wajua kwamba mioyo ya Wamasai imewahi kuwashangaza watafiti? Mwaka 1972 George Mann wa Marekani na wenzake, akiwemo Anne Spoerry, daktari aliyerukia vijiji vya Kenya kwa ndege, walichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya Wamasai 50 waliokuwa wamefariki. Kuta za mishipa zilikuwa na mafuta na unene kama za wazee wa Marekani, kwani walikunywa maziwa mengi na kula nyama. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na damu ilipata pa kupita. Mann aliamini ni kwa sababu ya kutembea. Si ruhusa ya kula mafuta. Ni sababu nzuri ya kutembea. Aliyetoka hospitali aanze dakika tano, uani, mara kadhaa kwa siku, aongeze kidogokidogo hadi nusu saa. Dar es Salaam ni joto, kwa hiyo atembee alfajiri au jioni, na achague njia ngumu badala ya mchanga mzito wa mitaa ya pembezoni, unaochosha moyo mara mbili. Kipimo ni mazungumzo: kama huwezi kuongea ukitembea, punguza mwendo.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kilicholiwa, ikiwemo iliyo kwenye mkate, supu na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi. Samaki wa kuchoma, maharage, mchicha na matembele ni chakula cha moyo na kinapatikana genge lolote.

Rudi hospitali haraka, usingoje tarehe ya kliniki, ukiona mshono unatoa usaha au unafunguka, homa, kifua kinachogonga au kuchezacheza ukijigeuza, mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, uzito ulioongezeka kilo 2 kwa siku chache, kukosa pumzi ukilala, au yale maumivu ya zamani yakirudi. Usiku wa manane pia ni muda wa kwenda.

Watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe pia presha, sukari na lehemu, hasa kama mgonjwa aliugua kabla ya miaka 55 akiwa mwanamume au 65 akiwa mwanamke. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua.

Na kabla ya kutoka wodini, omba ripoti ya upasuaji. Iandikwe mishipa mingapi imepandikizwa, imetoka wapi, imeunganishwa wapi, na unatumia dawa gani kwa kipimo gani. Ipige picha kwa simu yako na kwa simu ya mtu unayeishi naye, karatasi yenyewe ikae kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya bima. Daktari wa zamu pale Temeke au Mwananyamala atakayekupokea saa nane usiku hakuwepo ulipofanyiwa upasuaji, na karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia aanzie wapi.